Sahihi, saini na kughushi: maneno yanayobeba kesi za hisa na wakurugenzi

Wakati wa likizo moja, nikiwa nyumbani Mwanga, mjini Kigoma, jirani aliniletea kurasa mbili za maelezo ya shahidi. Zilihusu mgogoro wa kampuni ndogo ya kifamilia iliyokuwa ikisafirisha mizigo ziwani. Mwanzilishi wake alikuwa amefariki. Familia ilipokwenda kuangalia kumbukumbu za usajili, ilikuta hisa zake zimeandikwa kwa jina la mtu mwingine, na jina lake limeondolewa katika orodha ya wakurugenzi miezi kadhaa kabla ya kifo chake. Mmoja wa wanahisa aliishi ng'ambo na hakujua Kiswahili, hivyo wakili alitaka maelezo hayo yatafsiriwe kwa Kiingereza. Shahidi alikuwa mama aliyefanya usafi na kupika chai katika ofisi ya kampuni. Sentensi iliyobeba uzito wote ilikuwa hii:

"Mzee alikuwa anaumwa, kwa hiyo karani akamsainia ile karatasi, na hisa zikahama."

Kila mzungumzaji wa Kiswahili anaielewa sentensi hii. Hata hivyo, mfasiri anayetaka kuwa mwaminifu hukwama humo mara tatu: kwenye "akamsainia", kwenye "ile karatasi" na kwenye "hisa zikahama". Kijana aliyekuwa ameanza tafsiri kabla yangu hakukwama hata mara moja. Alikuwa ameandika kwa Kiingereza kwamba karani alighushi hati ya uhamisho wa hisa. Makala haya yanaeleza kwa nini tafsiri hiyo haikufaa, na yanapitia msamiati ambao mwanafunzi, mwalimu na mfasiri hukutana nao katika migogoro ya namna hii.

1. Sahihi na saini

Kiswahili kina nomino mbili za alama ambayo mtu huiweka kwenye hati ili kuonyesha kwamba ameikubali. "Saini" imetokana na Kiingereza, na leo ndiyo inayosikika zaidi ofisini na mitaani. "Sahihi" imetokana na Kiarabu, ambamo neno hilo lina maana ya kitu kizima, kisicho na kasoro, kilicho kweli. Katika hati za Kiarabu za pwani na Oman, aliyekubali maandishi aliandika neno hilo karibu na jina lake, kama kusema "haya yaliyoandikwa ni kweli". Baadaye tamko hilo likawa jina la alama yenyewe. Mkondo huo haukupita kwetu peke yetu. Katika Kigujarati na Kimarathi pia, neno lililotokana na mzizi huohuo ndilo jina la saini. Jambo hilo halishangazi kwa mtu anayejua historia ya Ujiji: misafara iliyofika huku katika karne ya 19 iligharimiwa kwa mikopo ya wafanyabiashara wa Unguja, akiwamo Taria Topan, na mkopo ulihitaji karatasi yenye neno hilo.

Kisarufi, nomino zote mbili zimo katika ngeli ya I-ZI: saini yangu, saini zangu, sahihi yake, sahihi zao. "Sahihi" pia ni kivumishi kisichochukua kiambishi: jibu sahihi, majibu sahihi. Ndiyo maana mtu anaweza kusema "sahihi hii si sahihi" na akaeleweka. Lakini sentensi hiyo ina utata ambao hati ya kisheria haipaswi kuubeba. Je, alama si ya mhusika? Au ni yake, ila imewekwa mahali pasipostahili? Au haifanani na ile iliyozoeleka benki? Katika maandishi rasmi ni afadhali kutaja jambo lenyewe: "saini hii si ya marehemu", "saini ni yake lakini ukurasa huu si aliousaini", "saini hii haifanani na sampuli zilizopo".

Tahadhari moja kuhusu mnyambuliko: "sahihisha" ni kuondoa makosa katika maandishi, kama mwalimu anavyosahihisha daftari. Halina maana ya kumfanya mtu atie sahihi. Kwa maana hiyo kuna "sainisha": "walimsainisha karatasi tupu". Anayesainishwa ameshika kalamu mwenyewe. Malalamiko yake yanahusu kushurutishwa au kudanganywa, na hayo ni tofauti na kuigwa kwa saini yake.

2. Kusaini, kusainia, kusainiwa

Hapa ndipo penye ugumu wa kwanza wa sentensi ya shahidi. "Akamsainia" ni kauli ya kutendea. Kauli hii hueleza kwamba tendo limefanyika kwa faida ya mtu, kwa niaba yake, mahali pake, au hata kwa hasara yake. "Amemlia chakula" na "amempikia chakula" zina kauli moja, lakini katika ya kwanza mtu amepoteza na katika ya pili amepata. Kwa hiyo "karani alimsainia mzee" inaweza kumaanisha:

(a) karani alisaini kwa sababu mzee alimwomba;
(b) karani alisaini mahali pa mzee bila mzee kujua;
(c) karani aliiga saini ya mzee ili ionekane kwamba mzee ndiye aliyesaini;
(d) karani aliweka saini yake mwenyewe kwenye karatasi iliyomhusu mzee, kwa mfano kama shahidi.

Kiswahili hakimlazimishi mzungumzaji kuchagua kati ya hizi nne. Sheria inamlazimisha. Kinachotenganisha (a) na (b) ni idhini, na idhini haionekani popote katika kitenzi.

Umbo la kutendwa linaongeza ukungu. Vitenzi vinavyoishia na -i, kama "saini" na "ghushi", vina sifa ambayo walimu wengi hawaitaji darasani: kauli yao ya kutendwa na kauli ya kutendewa hugongana. "Saini" huzaa "sainiwa". "Sainia" nayo huzaa "sainiwa". Kwa hiyo "hati ilisainiwa" inatokana na kitenzi cha msingi, ilhali "mzee alisainiwa" inatokana na kauli ya kutendea, na masikio hayawezi kuzitofautisha kwa umbo la kitenzi. Zaidi ya hayo, zote mbili zimemficha mtendaji. Katika shauri ambalo swali lake kuu ni nani aliyeshika kalamu, "ilisainiwa" ni jibu lisilojibu kitu. Anayeandika maelezo ya shahidi na amtafute mtendaji: "nilimwona fulani akisaini", au "sikumwona aliyesaini; niliikuta imeshasainiwa". Sentensi ya pili inakiri kwamba shahidi hakuona, na kukiri huko ni ushahidi.

Utaratibu wa ofisi zetu una njia ya kuondoa utata huu, nayo ni k.n.y., yaani "kwa niaba ya". Anayesaini kwa k.n.y. huandika jina lake, huweka saini yake, kisha hutaja anayemwakilisha. Hajifichi. Aliyeghushi hufanya kinyume: huufuta mkono wake ili mkono wa mwingine uonekane. Hata hivyo k.n.y. si kinga kamili, kwa sababu mtu anaweza kuandika kwamba anamwakilisha fulani bila kutumwa naye. Lakini angalau karatasi inasema wazi nani wa kuulizwa.

3. Kughushi

"Kughushi" nako kumetoka Kiarabu, ambako kitenzi chake kina maana ya kudanganya na pia ya kuchafua kitu safi kwa kukichanganya, kama maziwa yaliyotiwa maji. Tahajia sanifu ni "ghushi", ingawa sauti gh imewashinda wengi wetu wa bara na "kugushi" husikika sana. Mitaani Kigoma utasikia zaidi "kufoji", na kilichofojiwa huitwa "feki". Haya ni maneno hai na shahidi ana haki ya kuyatumia, anayenukuu asiyabadilishe. Katika hati anayoiandika mwanasheria au mfasiri kwa sauti yake mwenyewe, "kughushi" ndilo neno la kutumia.

Katika matumizi ya kila siku, kughushi saini ni kuiga saini ya mtu. Maana ya kisheria ni pana kuliko hapo. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, inaeleza kughushi kuwa ni kutengeneza hati ya uongo kwa nia ya kulaghai au kudanganya. Kisha inafafanua njia za kuitengeneza. Kwa maneno yangu, mtu hutengeneza hati ya uongo:

- anapotengeneza hati inayojifanya kuwa kitu ambacho sicho;
- anapobadilisha hati iliyopo bila ya idhini, kwa namna ambayo ingebadili athari yake;
- anapopenyeza maneno katika hati wakati inaandikwa, bila ya idhini;
- anaposaini kwa jina la mtu bila ya idhini yake, hata kama jina hilo linafanana na lake mwenyewe. Au kwa jina la mtu asiyekuwapo. Au kwa jina la mtu anayejifanya kuwa yeye.

Mambo mawili hapa humfaa sana mfasiri. La kwanza, hati inaweza kuwa ya kughushi ilhali saini iliyomo ni ya kweli kabisa. Ukurasa wa mwisho wenye saini halali ukibanduliwa na kubanikwa kwenye azimio jingine, hakuna kalamu iliyoigwa, lakini hati ni ya uongo. Ndiyo maana "hati ya kughushi" na "saini ya kughushi" si visawe. La pili, mtu anaweza kughushi kwa kuandika jina lake mwenyewe. Katika mji ambao kina Juma na kina Ramadhani ni wengi, na ambako binamu wawili huweza kushiriki majina yote matatu, kifungu hicho si cha kinadharia.

Nia pia ni sehemu ya maana. Aliyemsainia babu yake aliyemtuma hajaghushi, kwa kuwa alikuwa na idhini. Kwa hiyo mfasiri anayeweka "alighushi" mahali pa "alimsainia" amefanya kazi ya hakimu: ameamua kwamba idhini haikuwapo na nia ilikuwa ovu. Jambo si dogo. Adhabu ya jumla ya kughushi nchini Tanzania inafika kifungo cha miaka 7. Kenya, ambayo kanuni yake imetoka chimbuko moja na yetu, inafika miaka 3.

Kosa jirani ni kuwasilisha hati ya uongo. Aliyeighushi na aliyeipeleka kwa Msajili wanaweza kuwa watu wawili. Anayeiwasilisha hana hatia kwa kuibeba tu. Lazima awe anajua kwamba ni ya uongo na awe na nia ya kulaghai. Kiswahili cha magazeti mara nyingi huyaunganisha makosa hayo katika "alikutwa na nyaraka feki", maneno ambayo hayasemi alitengeneza, aliwasilisha, au alipewa tu azipeleke.

4. "Ile karatasi": hati za kampuni na majina yake

"Karatasi" ni neno la heshima katika mazungumzo, lakini katika kampuni kuna karatasi nyingi na kila moja hufanya kazi yake. Zile zinazobishaniwa mara kwa mara ni hizi:

Hati ya uhamisho wa hisa. Ndiyo inayosainiwa na anayetoa na anayepokea hisa. Chini ya Sheria ya Kampuni ya 2002, kampuni haipaswi kuandikisha uhamisho bila kuletewa hati inayostahili.

Cheti cha hisa. Kinamthibitishia mwanahisa kwamba ana hisa kadhaa. Kukishika hakukufanyi kuwa mwenye hisa, kama ambavyo kuishika kadi ya gari hakukufanyi kuwa mwenye gari.

Daftari la wanahisa. Ni kitabu cha kampuni chenye majina ya wanahisa. Lisichanganywe na kumbukumbu za Msajili wa Kampuni zilizoko BRELA, Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni. Kampuni hutunza lake. Msajili hupokea taarifa.

Muhtasari wa kikao na azimio. Muhtasari husimulia yaliyojiri. Azimio ni uamuzi wenyewe. Wanafunzi huyatumia kwa kubadilishana, lakini muhtasari unaweza kuwa wa kweli na azimio lililoambatishwa likawa la uongo.

Karatasi ya mahudhurio. Hii ndiyo inayodharauliwa kuliko zote. Kusaini mahudhurio ni kusema "nilikuwapo". Hakuna maana ya "nilikubali". Katika migogoro ya kampuni za kifamilia, karatasi ya mahudhurio ni rahisi mno kugeuzwa kuwa ukurasa wa saini za azimio.

Barua ya kujiuzulu na taarifa ya mabadiliko ya wakurugenzi. Ya kwanza hutoka kwa mkurugenzi. Ya pili hutoka kwa kampuni kwenda kwa Msajili. Ikidaiwa kwamba mkurugenzi "alijiuzulu", uliza ni ipi kati ya hizo mbili iliyoonwa.

Neno "mkurugenzi" lenyewe linahitaji uangalifu. Ukilitamka hapa Mwanga bila maelezo, wengi watamfikiria Mkurugenzi wa Manispaa ya Kigoma/Ujiji, yaani mtendaji mkuu aliyeajiriwa. Katika sheria ya kampuni, mkurugenzi ni mjumbe wa bodi; anaweza asiwe mwajiriwa wala asiwe na hisa hata moja. Mwanahisa ni mwenye sehemu katika kampuni. Anaweza asiwe na sauti ya kila siku katika uendeshaji. Kwa hiyo "walimtoa kwenye kampuni" ni sentensi ya kuulizia: alitolewa ukurugenzi, alinyang'anywa hisa, au vyote viwili? Kila kimoja kina hati zake na tiba yake. Siku hizi limeongezeka neno la tatu, "mmiliki manufaa", yaani mtu halisi anayenufaika na kampuni au kuidhibiti hata kama jina lake halimo miongoni mwa wanahisa. Taarifa zake hutakiwa na BRELA kufuatia mabadiliko ya sheria ya 2020.

5. "Hisa zikahama"

Ugumu wa tatu umo katika kitenzi kinachoonekana chepesi kuliko vyote. "Kuhama" hufanywa na chenye uwezo wa kwenda: watu huhama, ndege huhama. Hisa hazina miguu. Anayesema "zikahama" ameficha mtendaji na, zaidi ya hapo, amekiri kwamba tendo limekamilika. Lakini je, hisa huhama kwa saini ya kughushi?

Sheria tuliyoirithi kutoka Uingereza inajibu kwamba hazihami. Katika shauri la Ruben dhidi ya Great Fingall Consolidated, lililoamuliwa 1906, katibu wa kampuni alighushi saini za wakurugenzi wawili kwenye cheti cha hisa na kukipiga muhuri wa kampuni. Waliokopesha fedha kwa kukiamini cheti hicho walishindwa: kwa kampuni, cheti hicho kilikuwa si kitu. Walikuwa wamejaribu kujikinga kwa kanuni iliyotokana na shauri la Turquand la 1856, inayomruhusu mtu wa nje kuamini kwamba taratibu za ndani za kampuni zimefuatwa. Kinga hiyo haikuwasaidia mbele ya saini za kughushi. Mwaka mmoja kabla yake, katika shauri la Sheffield dhidi ya Barclay, benki ilipeleka kwa nia njema hati ya uhamisho yenye saini iliyoghushiwa na uhamisho ukaandikishwa. Mwenye mali halisi alipojitokeza, halmashauri ya mji ililazimika kumrudishia haki yake, na benki ikatakiwa kuifidia halmashauri. Mkondo ni uleule: mwenye mali hakupoteza mali yake kwa kalamu asiyoishika.

Kwa hiyo, badala ya "hisa zilihama", tafsiri ya uangalifu itasema "hisa ziliandikishwa kwa jina la fulani". Kuandikishwa ni jambo lililotokea na linaweza kuonwa katika kumbukumbu. Kuhama kihalali ndilo swali ambalo mahakama inaombwa kulijibu, na ikiridhika kwamba daftari lina jina lisilostahili, huamuru lirekebishwe.

Tofauti nyingine inahusu kifo. "Uhamisho" ni tendo la mtu aliye hai. Mwanahisa akifariki, hisa zake huingia katika mirathi na hushughulikiwa na msimamizi wa mirathi. Hapo tunazungumzia kurithishwa kwa hisa. Hati ya uhamisho yenye tarehe ya baada ya kifo hujishtaki yenyewe. Ndiyo maana tarehe, ambayo wafasiri wavivu huipita kama pambo, mara nyingine hushinda saini kwa uzito.

Umma wa Tanzania uliwahi kupata darasa refu la msamiati huu. Novemba 2014 Bunge lilijadili taarifa ya Kamati ya Hesabu za Serikali kuhusu akaunti ya Tegeta Escrow. Mwenyekiti wa kamati hiyo alikuwa Zitto Kabwe, wakati huo Mbunge wa Kigoma Kaskazini. Sehemu ya mjadala ilihusu hisa za kampuni ya IPTL, asilimia 70 zikiwa za Mechmar ya Malaysia na asilimia 30 za VIP Engineering, na nyaraka ambazo kwazo kampuni nyingine ilisema imezinunua. Nani alikuwa na haki si mada yetu. Kwa mwanaisimu, lililo muhimu ni kwamba mambo haya yalijadiliwa kwa Kiswahili tangu mwanzo hadi mwisho, na lugha haikushindwa. Pale uelewa ulipoteleza kwa wasikilizaji, mara nyingi ulitelezea kwenye jozi zilezile tulizozitaja: kununua kampuni na kununua hisa, cheti na umiliki, mkataba na uandikishaji.

6. Lugha ya kuthibitisha

Anayedai ndiye athibitishe. Hiyo ni kanuni ya msingi ya ushahidi. Katika jinai kiwango ni "pasipo kuacha shaka ya maana". Katika madai ni "mizani ya uwezekano". Dai la ulaghai linaloletwa katika shauri la madai limewekewa kiwango chake tangu Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilipoamua shauri la Ratilal Gordhanbhai Patel dhidi ya Lalji Makanji la 1957: kinahitajika kitu zaidi ya mizani ya kawaida ya uwezekano, ingawa si lazima kifike kiwango cha jinai. Mfasiri asiyejua hatua hii ya kati huandika ama kidogo mno ama kupita kiasi.

Mkono wa mtu huthibitishwa kwa njia kadhaa: kwa aliyemwona akisaini; kwa anayeufahamu mwandiko wake kwa mazoea; kwa maoni ya mtaalamu wa maandishi; na kwa mahakama yenyewe kulinganisha saini inayobishaniwa na zile zisizobishaniwa. Mtaalamu hutoa "maoni", hatoi "uamuzi", na maoni yake hayaifungi mahakama. Akisema saini "zinatofautiana", hajasema "imeghushiwa". Mzee mwenye mkono unaotetemeka kwa maradhi hutofautiana na nafsi yake ya jana. Vivyo hivyo, "zinafanana" haimaanishi "ni ya mtu mmoja", kwa kuwa kufanana ndiko kunakotafutwa na anayeghushi.

Siku hizi kalamu yenyewe inaanza kutoweka. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaitambua saini ya kielektroniki, na tangu 2018 BRELA imekuwa ikipokea maombi kwa njia ya mtandao. Anayetumia nywila ya mwenzake kubadili orodha ya wakurugenzi hakuiga mwandiko wa mtu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ina kosa la kughushi linalohusiana na kompyuta, hivyo neno limepanuka kuifuata hali. Lakini shahidi anapaswa bado kueleza tendo kabla ya kulipa jina: "aliingia kwa akaunti ya mzee na kuondoa jina lake".

7. Kwa ufupi: andika hivi

Badala ya "alimsainia", andika: "alisaini kwa jina la mzee, kwa idhini yake", au "bila ya idhini yake", au "sijui kama alikuwa na idhini".
Badala ya "ilisainiwa", mtaje aliyesaini, au sema hakuonekana.
Badala ya "karatasi", itaje hati kwa jina lake na tarehe yake.
Badala ya "hisa zilihama", andika: "hisa ziliandikishwa kwa jina la fulani".
Badala ya "alitolewa kwenye kampuni", sema kama ni ukurugenzi au hisa.
"Alighushi" ni hitimisho. Liwe la mlalamikaji katika dai lake au la hakimu katika hukumu. Lisiwe la mfasiri.

Tangu marekebisho ya sheria ya 2021, Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na ya mahakama nchini Tanzania, ingawa Kiingereza bado kinaruhusiwa katika mazingira maalumu. Kazi ya kutenganisha maneno haya haitaishia tena kwa wafasiri. Itakuwa ya karani wa polisi anayeandika maelezo, ya wakili na ya mwalimu wa sekondari anayefundisha kauli za vitenzi.

Narudi kwa yule shahidi. Siku iliyofuata tulikwenda na jirani yangu kumwuliza maswali manne: mzee alikuwa wapi, nani alimtuma karani, karatasi ilikuwa ipi, na yeye alijuaje kwamba hisa zimehama. Alijibu bila kusita. Mzee alikuwa amelala chumba cha pili, na mwenyewe ndiye aliyesema, "Niandikie jina, mkono hauna nguvu." Karatasi ilikuwa ile ya kuandika waliohudhuria kikao. Kuhusu hisa hakuona chochote, alisikia msibani.

Karani, kwa maelezo hayo, hakuwa ameghushi chochote. Hati ya uhamisho wa hisa, aliyoisaini mtu ambaye shahidi huyu hakumwona, ilikuwa bado haijaulizwa na yeyote. Niliyafuta maneno ya tafsiri ya kwanza, nikaandika yale aliyoyasema, na chini yake nikaweka saini yangu.